Mwalimu wa Kwaya na Chatu Wake Wawili

Mwalimu wetu wa kwaya hakuwa na haja na majina ya watu. Alikuita kwa sauti yako. "Besi, funga mlango." "Soprano, mtoto wako analia huko nje." Mimi nilikuwa Alto tangu siku niliyotoka Kitahana nimevaa gauni la dada yangu, nikaja Kumsenga kujaribiwa sauti. Hata leo, nikiwa mtu mzima mwenye kibanda changu cha kompyuta Kasulu mjini, akinipigia simu husema, "Alto, uko wapi?" Mke wake naye alikuwa alto, ila yeye alikuwa Alto Mkubwa. Sisi wengine tulimwita Mama Mwalimu, lakini nyumbani kwao nimesikia kwa masikio yangu: "Alto Mkubwa, chumvi iko wapi?"

Alikuwa mrefu, mkavu, na koti la kijivu ambalo alilivaa masika na kiangazi. Mfukoni mwa koti alitembea na kijiko. Pale chumba cha mazoezi, nyuma ya kanisa, kulikuwa na kikombe cha bati ambacho kikigongwa na kijiko hicho kilitoa sauti aliyoiamini kuliko kinanda chochote cha wilaya ya Kibondo. Aligonga, akainua kidole, tukaanza. Ukikosea hakukuangalia wewe. Aliangalia dari, kama mtu anayetafuta mahali bati linapovuja, kisha akasema kwa upole, "Kuna alto mmoja safu ya nyuma amekaribia." Wageni walidhani anasifu. Wenyeji tulijua kinachofuata.

"Kukaribia si kufika."

Basi turudie mstari ule mpaka makoo yakauke. Nilimchukia kwa sentensi hiyo, na siku hizi nikimkabidhi mteja kazi yake naisikia tena sikioni, nikafungua mashine nikague upya. Hivyo ndivyo walimu wanavyokulipiza kisasi.

Wengi wakimkumbuka wanakumbuka nyimbo zake. Mimi namwona zaidi akiwa amekaa mbele ya kompyuta. Ilikuwa ya mezani, iliyoachwa na mradi mmoja uliokuwa ukifunga shughuli zake kwenye kambi ya wakimbizi, kanisa likapewa kama shukrani. Mama Mwalimu aliifumia kitambaa cheupe chenye maua, ikakaa chini ya kitambaa hicho muda mrefu bila kazi, kama sahani za wageni. Mwalimu ndiye aliyeifunua. Alikuwa amefundisha hesabu shule ya msingi mpaka akastaafu, na nadhani alikuwa na njaa ya kitu kigumu. Alijifunza kwenye kitabu kinene kilichokuja na mashine. Kilichomshinda kitabuni alikwenda kukiuliza kambini Nyarugusu, kwa mkimbizi mmoja wa Kikongo aliyewahi kutengeneza kompyuta za ofisi huko kwao. Huyo sisi tulimwita Fundi.

Alichokitengeneza kilikuwa hiki. Nyimbo zetu huandikwa kwa sol-fa, zile do re mi ambazo mwanakwaya wa huku anazijua hata kama Kiswahili chenyewe kinampiga chenga. Mwalimu alitunga programu ambayo unaiandikia herufi za noti kwa sauti zote nne, ukibonyeza inaimba. Iliimba kama nyuki waliofungiwa kwenye debe, lakini iliimba, wala haikukosea. Alto kutoka Gwarama aliyeshindwa na mstari wake alikalishwa mbele ya spika akasikilizishwa mstari huo peke yake mpaka ukamkaa. Kwaya za jirani zilianza kuja na flashi kuomba nyimbo. Mwalimu alitoa, lakini kila mara kwa onyo: msibadilishe kitu.

Lugha aliyotungia programu hiyo inaitwa Python, yaani chatu, na hilo lilimletea kesi. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa mkali kwa mambo ya ushirikina, alikuja mazoezini akasimama mlangoni.

"Mwalimu, nasikia unafuga chatu kwenye nyumba ya Bwana."

"Wawili, mzee."

"Wawili!"

"Mmoja mzee, mmoja kijana. Hawaumi. Ila hawaelewani."

Ikaamuliwa kompyuta iombewe. Ikaombewa kweli, na Mwalimu akasimama karibu nayo amefumba macho, hakucheka hata kidogo. Sisi alto ndio tulioaibika. Mama Mwalimu alijifunika uso kwa kitenge mabega yakitetemeka, na aliyepita nje angedhani mama wa watu ameguswa na Roho.

Lakini maneno yale yalikuwa kweli tupu. Chatu mzee lilikuwa toleo la zamani la lugha ile, ndilo lililobeba programu ya nyimbo. Chatu kijana lilikuwa toleo jipya, ambalo kila kitu kingine kililihitaji: kufundishia vijana, kupangia matokeo ya shule ya Jumapili. Wenye lugha yao walibadili baadhi ya kanuni, basi maneno yaliyo halali kwa mzee ni makosa kwa kijana. Mpe kijana programu ya nyimbo, anaikataa palepale mwanzoni. Mtu mwenye haraka atasema, si mfute tu mzee? Mwalimu naye aliwahi kuwa na haraka.

Ilikuwa tunakaribia tamasha la kwaya. Aliweka toleo jipya, akaona nafasi inabana, akafuta la zamani. Hakujua kwamba mashine yenyewe ilimtegemea mzee kwa mambo yake mengi ya ndani, hata kuchora madirisha ya kwenye kioo. Alipowasha tena kioo kilibaki cheusi, na herufi chache nyeupe juu kabisa. Sijawahi kumwona mtu amesimama vile mbele ya kitu kisicho na uhai. Alienda mwenyewe kumfuata Fundi. Fundi alifika na kibali cha kutoka kambini kwenye mfuko wa shati, akakaa, akaangalia, akapiga ulimi.

"Mwalimu, ulitosha ya zamani?"

"Nilifuta, ndiyo. Nimeweka mpya."

"Ile ya zamani njo ilikuwa nabeba ekra yote, kioo hiki! Weye unabomoa fondasyo, kisha unashangala nyumba inaanguka. Weka zote mbili, moja pembeni ya ingine. Kila moja na nafasi yake. Mpya haiko adui ya zamani, Mwalimu, minakuambia."

Alihangaika nayo kutwa nzima, na mashine ikarudi. Tangu siku hiyo Mwalimu hakufuta toleo lolote. Likija jipya aliliweka kando ya wenzake, akalipa mahali pake. Alipoanza kutufundisha sisi vijana, somo lake la kwanza halikuwa namna ya kuandika programu. Lilikuwa namna ya kukaa na matoleo mengi kwenye mashine moja bila ugomvi.

"Mume mwenye wake wawili," alisema, na wasichana tukaanza kukonyezana, "akiwajengea jiko moja, atakula nini?"

"Matusi!" akajibu Besi mmoja.

"Ego, ndiyo hivyo. Kila mke na jiko lake, chumvi yake, mwiko wake. Kila kazi unayoanza kwenye kompyuta, ijengee jiko lake. Weka humo toleo inalolitaka na vikorokoro vyake. Usiende kuazima mwiko jiko la pili."

Siku nyingine alitufundisha kwa nini kompyuta inaweza kukuitia chatu usiyemtaka. "Mashine ni mvivu. Inafanana na mtu aliyetumwa sokoni, ananunua kibanda cha kwanza anachokikuta. Kama kijana ndiye yuko kibanda cha kwanza njiani, utaita chatu, atakuja kijana. Basi mwite mtu kwa jina lake lote, au panga wewe nani akae mbele." Nimekaa baadaye kwenye mafunzo ya watu waliosoma, wenye projekta na maji ya chupa, wakaeleza jambo hilihili vizuri tu. Mimi nilikuwa namwona yule mtu mvivu wa sokoni.

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo watu wa kwaya hatulisemi. Mtu huyu aliyetufundisha kwamba la zamani halifutwi, linawekwa kando, kwa upande wa nyimbo alikuwa kinyume chake kabisa. Wimbo ulikuwa na sura moja tu, ile aliyoiamua mwisho. Akibadilisha mstari alikusanya makaratasi yenye mstari wa zamani yakaenda jikoni kuwashia moto. Kwenye kompyuta aliandika juu ya ule wa kwanza, na programu yake haikumwuliza kitu. Nilimwuliza siku moja mbona programu nyingine huuliza kabla ya kufuta.

"Mashine isimhoji mwalimu," akasema.

Alikuwa na sababu, nami namtetea. Zamani, watu wengi walipokuwa bado kambini, wimbo wake mmoja ulisambaa kwa midomo tu, kila kwaya ikauimba kivyake. Ikafika siku kwaya tatu zikaunganishwa kuuimba mbele ya askofu mgeni, na katikati zikagongana. Ubeti mmoja ulikwisha mara tatu. Watu walicheka, na aliyekuwa mbele amenyoosha mikono ni yeye. Kabla ya kompyuta, kabla ya chatu, aibu hiyo ilikuwa imekwisha kumfanya mtu wa sura moja. Ukizielewa sababu za mtu unamsamehe, lakini hasara inabaki palepale.

Wimbo wake mkubwa uliitwa "Nitue Wapi". Maneno ni machache: nitue wapi mzigo huu, Bwana, nitue wapi. Waliotoka ng'ambo, kutoka Burundi, wakaingia huku na vitanda vichwani, na watoto wao ambao sasa ni raia wenye mashamba na maduka, wakiusikia hunyamaza. Pale mwisho, neno "nitue" linaporudiwa, Mwalimu alikuwa amewaandikia alto mstari unaopanda. Soprano wametulia, besi wametulia, alto wanapanda peke yao.

Mama Mwalimu hakuupenda. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kucheka, aliyeuza maharage sokoni na aliyejua kunyamaza kuliko mumewe alivyojua kusema. Kwa hiyo siku aliposema, chumba kizima kiligeuka.

"Baba, mzigo hutuliwa chini."

"Mzigo wa Mkristo unatuliwa kwa Bwana," akasema Mwalimu. "Bwana yuko juu."

"Mimi nimebeba kichwani tangu ng'ambo, niko mtoto. Ukiupandisha juu hujautua. Bado uko kichwani."

Alto tulicheka. Mwalimu akagonga kikombe, tukapanda. Lakini jioni ile, tukiosha vyombo kwake, nilimsikia mama akiimba mstari ule kivyake. Alishuka. Alishuka taratibu, akakaa kidogo njiani kwenye noti moja ambayo hukuitarajia, kama mtu anayepiga goti kwanza ili kikapu kisimwagike, ndipo akafika chini. Nilisimama na sufuria mkononi. Nilikuwa msichana tu, sikujua lolote la utunzi, lakini nilijua nimesikia wimbo wenyewe.

Sijui alimshawishi vipi. Kwaresima moja tulifika mazoezini tukakuta Mwalimu ameuandika mstari wa mkewe kwenye kompyuta. Hakueleza. Alisema tu, "Alto, leo mnashuka," akaangalia pembeni. Kwaresima nzima tulishuka. Nakumbuka besi walikuwa wakisahau kuingia kwa sababu wanatusikiliza. Nakumbuka Mama Mwalimu hakujivuna, ila alikuwa akija mapema na kuondoka wa mwisho.

Wiki Takatifu ikaja habari kwamba kwaya zote zitaungana Kasulu siku ya Pasaka, na wimbo utakuwa "Nitue Wapi". Kwaya nyingine zilikuwa na flashi za zamani, zote zikipanda. Akilini Mwalimu aliona tena kwaya zikigongana mbele ya askofu. Alikaa kwenye kompyuta, akaandika mstari wake juu ya mstari wa mkewe, akabonyeza. Tukapanda Pasaka ile, na mama akapanda nasi, macho mbele, kila noti mahali pake. Haikutokea tena tukashuka. Hakulalamika, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, maana angelalamika labda tungeungana naye.

Mama Mwalimu alifariki wakati wa kupalilia maharage, kwa ugonjwa uliokuja haraka. Tuliimba "Nitue Wapi" kaburini Kumsenga. Tulipofika pale mwisho nilihisi alto wote tunataka kushuka, lakini mkono wa Mwalimu ulikuwa unapanda, tukapanda nao. Nani angembishia mfiwa?

Baada ya hapo kwaya ilianza kupukutika. Alto mmoja alirudi Burundi na wazazi wake. Mwingine alipelekwa nchi za mbali na familia ya mume wake, namba yake haipatikani. Mimi nilihamia Kasulu. Mwalimu aliendelea kuitunza kompyuta na chatu wake, matoleo yakizidi kuongezeka, na nikipita Kibondo nilimkuta akipangusa vumbi kwa kile kitambaa cha maua. Kwaya hakuifundisha tena. Alisema masikio yamechoka.

Mara ya mwisho tuliyoonana kwa kirefu ni pale alipokuja mwenyewe kibandani kwangu. Alishuka kwenye basi la Kibondo amepakata boksi la kompyuta lililofungwa kwenye kitenge. Nilikitambua kitenge kile cha Mama Mwalimu, cha bluu chenye majogoo. Aliliweka mezani kwangu, akafungua fundo, akakikunja kitenge vizuri na kukiweka magotini.

"Mwakeye, Alto."

"Mwakeye, Mwalimu. Kwa nini hukuniita nikufuate mimi?"

"Nina haraka. Tunaganduka mwisho wa mwezi huu."

Kuganduka ni kuvua msiba. Ukoo hukutana, huomba, hula pamoja, na kuanzia hapo aliyefiwa anaruhusiwa tena kucheka na kuvaa rangi. Kabla ya hapo hajamwachilia marehemu.

"Nataka waimbe ule wa Kwaresima," akasema. "Ule wake. Mtafute Chatu mzee, uniimbishie."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mwalimu, ule uliandika juu yake."

"Oya, hapana. Mimi sifuti. Kila kitu kimo humo, tangu toleo la kwanza. Muulize mzee. Alikuwepo siku ile."

Nilielewa hapo jinsi alivyokuwa ameishi miezi yote ile. Alidhani kwa kuwa amemtunza Chatu mzee, amezitunza na siku za Chatu mzee. Mimi, fundi wa Kasulu, nilijua sivyo, lakini sikuwa na moyo wa kumwambia kabla sijatafuta. Nilichomeka kioo, nikawasha. Matoleo yote yalikuwepo, kila moja na jiko lake, safi kuliko mashine yoyote iliyowahi kuletwa kwangu. Nilimwita mzee kwa jina lake lote, akaitika. Nikafungua "Nitue Wapi". Nyuki wakaimba debeni, wakafika mwisho, wakapanda.

Nilitafuta kwenye kila pembe ya diski. Nilifungua flashi alizokuja nazo. Zote zilikuwa za baada ya Pasaka, zote zilipanda. Mwalimu alikuwa amekaa wima, mikono juu ya kitenge.

"Mwalimu, lugha ya zamani ipo. Wimbo wa zamani haupo. Ni vitu viwili."

Aliweka kiganja juu ya boksi. Kisha akasema, "Nimemtunza huyu miaka yote."

"Bila yeye programu isingeimba."

"Inaimba nini?"

Nje mtu alikuwa akipigia honi bodaboda iliyofunga njia, nikashukuru kwa kelele ile.

"Nilisikia safu ya nyuma ikikosea nusu noti," akasema. "Aliyelala na mimi nyumba moja sikumsikiliza. Nilijua anaimba kitu. Nikafikiri kipo tu, nitakisikiliza siku nyingine."

Hapo nikamwambia kwamba mimi nilimsikia mama akiimba tukiosha vyombo, na kwamba Kwaresima ile niliimba karibu naye bega kwa bega. Akanitazama. Akatoa kijiko kwenye koti. Kikombe chake hakikuwepo, akagonga bilauri yangu ya chai, akatikisa kichwa, akagonga tena akiwa ameishika pembeni, akainua kidole.

Niliimba. Nilianza vizuri. Nilishuka, nikafika kwenye ile noti anayopigia goti, na hapo nikapoteza uhakika. Nilijua alikaa mahali, ila mahali penyewe palinitoroka. Nikakaa nilipoona panafaa, nikashuka mpaka chini.

Mwalimu hakuangalia dari. Aliniangalia mimi.

"Ndiyo yenyewe?"

Mtu ambaye masikio yake tuliyaogopa Kibondo nzima, ananiuliza mimi kama huo ndio mstari wa mke wake. Ningeweza kusema ndiyo, angefurahi, na angerudi Kumsenga na furaha yake.

"Nimekaribia, Mwalimu. Pale katikati sina hakika."

Nilisubiri sentensi yake. Haikuja. Alivuta kiti karibu na meza.

"Andika," akasema. "Mpaka hapo ulipokaribia."

Nikaandika noti moja moja, nikimwimbia kila baada ya chache, naye akikubali kwa kichwa. Nilipomaliza nikataka kuhifadhi, akanishika mkono.

"Subiri. Kwanza fungua programu yenyewe. Ongeza iulize."

Tukaifungua programu aliyoitunga mwenyewe, kwa maneno ya Chatu mzee ambayo kijana angeyakataa. Nilipata mahali inapohifadhi wimbo, nikamwachia kiti. Alivaa miwani, akaandika swali hilo yeye, kwa kidole kimoja, akikosea na kufuta. Kama jibu ni hapana, tuliiambia, wimbo mpya uwekwe pembeni na ule wa kwanza ubaki ulivyo. Hata mstari wake unaopanda hakutaka ufutwe. Kisha akabonyeza ahifadhi.

Kwenye kioo yakatokea maneno aliyokuwa ameyaandika dakika ile ile: *Wimbo huu upo tayari. Niufute?*

Alilisoma kama swali aliloulizwa na mtu, na kidole kikabaki hewani juu ya kibodi.

"Hapana," akaijibu mashine kwa sauti, kabla ya kukumbuka kwamba inabidi aandike. Nikamsogezea kibodi, akaandika, herufi baada ya herufi.